Shehena Alivyojaribu Pini za Daktari

Mpwa wangu Shehena ndiye fundi makochi pekee ninayemjua ambaye makalio yake yalikuwa kifaa cha kazi. Wengine wana mkasi, nyundo na bunduki ya pini. Yeye alikuwa na hivyo vyote, na zaidi ya hivyo akawa na yale makalio. Kochi likishavikwa kitambaa, kabla mwenyewe hajaja kulichukua, Shehena alilizunguka mara moja, akaligeuzia mgongo, kisha akajiachia. Siyo kukaa, kujiachia, kama gunia linaloshushwa kutoka kwenye lori. Halafu aliinamisha kichwa na kusikiliza. Kochi likikaa kimya, limefaulu. Likilia hata kidogo, mbao ikalalamika au pini ikachomoka, linarudi mezani kufumuliwa, hata kama mteja ameshaegesha gari mlangoni.

Utaratibu huo nilimfundisha mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa kujisifu nako sijakatazwa. Mimi ndiye niliyeifungua karakana hii, mimi ndiye niliyemshikisha mkasi alipofiwa na baba yake, na mimi ndiye niliyemwambia asiamini pini yoyote mpaka aibebeshe mzigo. Akalishika neno hilo kuliko nilivyolishika mwenyewe. Nawe msomaji lishike, maana ndilo lililotaka kumwua.

Jina la Shehena alipewa na wateja. Walikuwa wakija kuangalia akijaribu makochi yao kama watu wanaokwenda mpirani. Mkewe, ambaye ndiye fundi cherehani wetu na anashona foronya zote za mito, hakulipenda jina lile, lakini hata yeye lilimponyoka siku za hasira.

Basi asubuhi moja Shehena alijiachia kwenye kochi la watu watatu, akainamisha kichwa kusikiliza, wala hakukiinua tena.

"Mjomba," mkewe akaniita kutoka kwenye cherehani, "mbona leo anasikiliza muda mrefu?"

"Mwache, kochi lina mengi ya kusema."

Kisha tukasikia mkoromo, mkubwa, kama msumeno umekwama kwenye fundo la mbao. Ukakatika. Pumzi nayo ikakatika. Tukangoja irudi, haikurudi. Uso wa mpwa wangu ulikuwa umegeuka kijivu, rangi ya sponji ya zamani, na mkewe alikuwa ameshamfikia na kumzaba makofi mawili kabla mimi sijaweka nyundo chini. Akashtuka, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akatutazama.

"Limefaulu," akasema. Halafu akauliza mkewe analia nini.

Kumbe usiku ndivyo alivyokuwa akilala, na mkewe alikuwa amezoea kukaa macho akimhesabia pumzi. Mimi sikuwa nikijua. Nilidhani yule mwanamke ana macho mekundu kwa sababu ya nyuzi.

Daktari tuliyepelekwa kwake alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ungeweza kumsahau kwenye kochi na kukaa juu yake. Hakuzunguka. Alimwambia Shehena kwamba sukari imepanda, presha imepanda, na moyo umechoka kusukuma damu ya mtu mmoja kwenye mwili wa wawili. Akamwambia pumzi ile ikikatika usingizini ipo siku haitarudi. Shehena alikuwa amekwishajaribu kupunguza chakula mara nyingi. Alikuwa akipungua, tunamsifu, kisha kilo zote zinarudi na kuleta wageni. Daktari akasema kwa hali yake afadhali tumbo lenyewe lipunguzwe.

Mimi nilikuwa nimekwenda pale kama mkuu wa ukoo, kwa hiyo nikachukua uongozi. Nikajichora kwa kidole kutoka kifuani hadi kwenye mkanda.

"Utampasua kuanzia hapa mpaka hapa?"

"Hapana, Mzee. Matundu matano madogo. Kubwa lao linapita kidole gumba."

Hilo la Mzee nililimeza. "Na wewe utaingiaje?"

Mkwe wangu, yaani mkewe Shehena, akajiziba mdomo. Daktari akanijibu vilevile, bila kucheka. "Mimi siingii. Inaingia kamera, na vyombo vyembamba virefu. Naviendesha nikiwa nje, huku natazama kwenye skrini."

"Yaani unakata tumbo la mpwa wangu huku unatazama televisheni."

"Ndiyo."

Alisema ndiyo ile kama mtu aliyeulizwa kama anakunywa chai. Mimi nimeona mengi. Nimewahi kukuta nyoka ndani ya kochi la mwalimu mkuu. Lakini pale kwenye kiti cha hospitali nilibaki mdomo wazi. Na alikuwa hajamaliza. Akasema wanaanza kwa kupuliza hewa tumboni ili ngozi inyanyuke na kamera ipate nafasi ya kuona. Halafu wanalikata tumbo kwa urefu wake na kuondoa sehemu kubwa, kile kinachobaki ni mrija mwembamba kama mkono wa shati. Ile iliyokatwa inavutwa nje kwa tundu mojawapo.

"Kama kutoa sponji ya mto kupitia kwenye zipu," mkwe wangu akasema.

"Kabisa," akasema Daktari, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Sasa Shehena akainua kichwa. "Na pale panapokatwa, mnashona kwa uzi gani?"

"Tunabana kwa pini. Kuna kifaa kinabana na kukata kwa mpigo mmoja, safu kwa safu."

Mimi na mpwa wangu tukatazamana. Ukae ukijua, sisi ni watu ambao tumekula, tumevaa na kujenga kwa pini. Tumezipiga kwenye mbao mpaka vidole vimeota sugu, tumezing'oa kwa meno ya koleo, tunazijua tabia zake zote mbaya. Tulikuja kwa daktari bingwa, na daktari bingwa anatuambia anafanya kazi yetu.

"Pini za chuma gani?" akauliza Shehena.

"Titani. Haishiki kutu. Zitabaki humo."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Akatueleza na hatari, moja baada ya nyingine, bila kuzipaka sukari. Damu inaweza kutoka kwa wingi. Damu inaweza kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Na kwa watu wachache, mshono huvuja, na ukivuja, mtu anaweza kufa. Ndiyo maana baada ya upasuaji ataanza na maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha supu iliyochujwa na maziwa, kisha vitu vya kupondwa, kisha laini, na vigumu mwisho kabisa. "Usile kitu kigumu mpaka niseme mimi," akamwambia. "Sikiliza vizuri. Mpaka niseme mimi."

Shehena akatikisa kichwa kama aliyekubali. Lakini mimi namjua. Akitikisa kichwa hivyo hajakubali, anapima.

Upasuaji aliukubali, na kabla ya siku yenyewe alinyimwa chakula kigumu nyumbani, anywe tu, eti ini lake lisinyae. Ini limelala juu ya tumbo, likiwa nene kamera haioni kitu. Hilo nalo lilinishangaza, mtu kufungishwa njaa ili ini lisogee. Shehena akawa mkali kama mkasi mpya. Alimfukuza mteja kwa kosa la kuingia karakanani akitafuna karanga.

Siku ilipofika aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, na lile gauni la hospitali lililokataa kufunga nyuma. Mimi na mkwe tukakaa kwenye benchi. Nilikuwa nimejiandaa kwa kutwa nzima, nimebeba hata mto wangu. Sijaupasha joto vizuri, Daktari huyu hapa.

"Tumemaliza."

"Ameharibika?" nikauliza.

"Tumemaliza vizuri, Mzee."

Tuliporuhusiwa kumwona, niliinua shuka. Niliona plasta ndogo tano, zimetawanyika tumboni kama vifungo vilivyoshonwa na mlevi. Nikainua shuka zaidi.

"Mzee, unatafuta nini?" muuguzi akaniuliza.

"Jeraha."

"Ndiyo hayo."

Nikayatazama tena. Kochi la mtu mmoja tu nikilifumua linatoka na kovu kubwa kuliko yale. Huyu ametolewa tumbo, na alikuwa na plasta ambazo mtoto angepewa kwa kuanguka na baiskeli. Nilikaa chini bila kuambiwa.

Shehena akafungua macho. "Mjomba, bega linaniuma."

"Bega?" Nikasimama. "Sista, huyu mmemkata pasipotakiwa."

Muuguzi yule alicheka mpaka akashika kitanda. Akaeleza kwamba ile hewa waliyopuliza haitoki yote mara moja, inayobaki inasumbua chini ya mbavu na maumivu yanasikika begani. Dawa yake ni kutembea. Na kweli, jua halijazama walimsimamisha, miguu imebanwa kwenye soksi ndefu zinazozuia damu kuganda, wakamtembeza kwenye korido. Wakampa na kidude cha plastiki cha kuvutia pumzi ili mapafu yafunguke. Mtu mzima, baba wa watu, amekaa kitandani anavuta pumzi kupandisha vigoroli. Nilimwambia ningejua hivyo ningemletea na gari la kusukuma kwa kamba. Akaniomba nisimchekeshe, tumbo linauma.

Nyumbani alikunywa kwa kikombe kile kidogo cha dawa ya kikohozi. Funda, anapumzika, funda. Na hapo ndipo alipopata mshtuko wake mwenyewe.

"Mjomba," akaniambia, "sisikii njaa."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyeamka akakuta mlango wa mbele umeibwa. Daktari alikuwa amesema, ile sehemu iliyoondolewa ndiyo hutoa kile kinachotuma njaa kichwani. Lakini kuambiwa na kuyaona mwilini ni vitu viwili. Mwanamume yule alikuwa amekaa na njaa tangu utoto kama ndugu yake wa tumbo moja, leo haipo. Akawa anajishika tumbo, analigonga kwa kidole, anatega sikio. Alikaa kwenye kigoda karibu na meza yangu akiigeuzageuza bunduki ya pini mikononi.

"Mjomba, umewahi kutoa kochi nje bila kulikalia?"

"Mimi?" Nikajaza kifua. "Hata la bure sijawahi."

Akatikisa kichwa. Kule kutikisa kwake.

Siku hiyo mkewe alikuwa amekwenda kununua zipu. Adhuhuri nikaingia ndani ya nyumba yao, iliyo nyuma ya karakana, kutafuta futi yangu. Nikamkuta Shehena amekaa mezani, mgongo umenyooka. Mbele yake palikuwa na mkate mnene na kipande cha nyama ya kukaanga. Hakuwa akila kama mwenye uroho. Uroho ningeuelewa, ningemnyang'anya na kumtukana na kumalizia mwenyewe. Alikuwa akitafuna taratibu, akameza, akaweka mkate chini. Kisha akainamisha kichwa. Akasikiliza.

Nilikuwa nimekiona kichwa kile kikiinama vile juu ya makochi yasiyo na idadi.

"Unafanya nini?"

"Najaribu."

"Unajaribu nini?"

"Mshono." Aliniangalia kwa utulivu, kama fundi anayemweleza mteja. "Natembea na pini za mtu ndani yangu, Mjomba, wala hakuna aliyezikalia. Kama zitaachia, bora ziachie hapa mkiwa karibu kuliko nikiwa barabarani peke yangu."

Jambo lililonitisha zaidi ni kwamba lilikuwa na akili. Nilisimama pale, futi nimeshaisahau, nikitafuta kosa kwenye maneno yake, na sikuliona. Nilijua tu kwamba anakufa.

"Tema," nikasema.

"Nimeshameza."

Akachukua mkate tena, lakini mkono haukufika mdomoni. Jasho likamtoka kwenye paji la uso, matone makubwa. Akajishika chini ya kifua. Akasema neno moja, "limekwama," halafu akaanza kutapika, na kile kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko kelele zake. Mkewe alitukuta mlangoni nikimvuta kuelekea kwenye gari la jirani. Aliona nyama mezani, akamwona mumewe. Hakuuliza mpaka tulipofika nusu ya njia.

"Ulikuwa na njaa?"

Shehena akatikisa kichwa, hapana.

Mwanamke akafikiri. Nikaona uso wake unavyobadilika alipolipata jibu. "Umelikalia tumbo lako," akasema polepole. "Umelikalia kama kochi."

Hospitalini walimtia dripu, wakamfunga mashine ya kuhesabu mapigo ya moyo, na mashine ikalia haraka kuliko cherehani. Wakamnywesha dawa inayong'aa kwenye picha, wakamwingiza kwenye mashine kubwa ya duara kuona kama itamwagika nje ya mrija. Tukangoja. Mkwe alikuwa na zipu zake mpya mkononi, anaifungua moja na kuifunga, anaifungua na kuifunga, na sikuwa na utani wowote wa kumpa.

Daktari akatujia. "Alikula kwa njaa?"

"Hana njaa," mkwe akasema.

"Sherehe? Alisahau?"

Basi nikamweleza. Nikamweleza makochi, nikamweleza makalio, kujiachia na kusikiliza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo macho yake yalivyopanuka, na nilipofika kwenye pini zisizokaliwa alivuta kiti akakaa. Mwanamke ambaye anakata watu huku anatazama televisheni, amepigwa na butwaa.

"Wapo wanaokula mapema kwa tamaa," akasema. "Wapo wanaodanganywa na ndugu. Sijawahi kuona mtu aliyekula kwa ajili ya ukaguzi."

Picha ikaja. Akatuingiza wodini na kumwonyesha Shehena mwenyewe. Palikuwa na mrija mweupe, mwembamba, unaoshuka bila doa pembeni.

"Haujavuja. Umevimba, na chakula kiligoma kupita kikarudi juu. Utalala hapa tukuangalie. Una bahati, na sisemi bahati kwa mdomo tu."

Shehena aliitazama picha ile kwa muda. "Zimeshika."

"Ulidhani mimi sikuzijaribu?"

Akageuza kichwa.

"Ulipokuwa umelala," Daktari akasema, "kabla sijafunga yale matundu, niliujaza mrija wako maji ya buluu, nikaangalia kwenye skrini kama kuna tone linatoka."

"Uliujaza mpaka ukakaza?"

"Mpaka ukakaza."

"Ukasikiliza?"

"Nikatazama. Tumbo halilii, linavuja."

Mpwa wangu alikuwa akimtazama yule mwanamke mdogo jinsi alivyokuwa akinitazama mimi zamani, nilipomwonyesha mara ya kwanza jinsi ya kukunja kona ya kitambaa. Niliona wivu kidogo.

"Mbona hukuniambia, Daktari?"

"Nilikueleza yale watu wanayoniuliza. Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza." Akaukunja mkono wake mbele yake, akashika ngozi ya kiwiko. "Lakini nisikie. Mbao zako haziponi. Zikishika leo zimeshika. Hii ni nyama. Pini zinaishikilia tu wakati inajiunga yenyewe. Ukiibebesha mzigo kabla haijaungana, hujaribu, unapasua. Umeelewa?"

"Kama gundi mbichi," akasema Shehena.

"Kama gundi mbichi."

Akatikisa kichwa. Safari hii ilikuwa kutikisa kwingine, na mkewe pia aliliona hilo, maana zile zipu aliziweka mfukoni.

Siku hizi ukija karakanani utauliza Shehena yuko wapi na atakuwa amesimama mbele yako. Sukari imeshuka, vidonge vya presha amepunguziwa. Nywele zilimtoka kwa muda zikarudi. Ngozi ya tumbo inaning'inia kama kitambaa kilichopimwa kwa fremu kubwa zaidi, na mkewe humwambia akae mbali na cherehani asije akampunguza bila kukusudia. Vidonge vya vitamini atameza maisha yake yote. Maji hanywi pamoja na chakula. Anakula kwenye kisahani cha kikombe, anatafuna mpaka unasinzia ukimtazama, kisha anainamisha kichwa, anasikiliza, na anaweka kijiko chini na chakula bado kipo. Mkewe anakiondoa kisahani bila kumwuliza. Sasa yule mwanamke analala. Ameniambia mwanzoni ule ukimya wa mumewe ulikuwa ukimwamsha.

Kwenye kazi ndiko kulikobaki tatizo. Alijiachia kwenye kochi, likafaulu. La pili likafaulu. Yote yakafaulu, na fundi akaanza kuingiwa na wasiwasi. Ndipo nilipokalia mimi moja aliloliidhinisha, likalia kama mlango wa gereza.

"Mjomba," akaniambia, "kuanzia leo unakaa wewe."

Kwa hiyo mpimaji wa makochi ni mimi, na wateja wameanza kuja kuangalia, na bila kutia chumvi najiachia vizuri kuliko alivyokuwa akijiachia yeye, na kochi likifaulu mchana, nasinzia hapohapo kidogo.

Juzi Daktari mwenyewe alikuja kuchukua kochi la chumba chake cha kungojea, pana, lenye fremu ya mbao nzito, Shehena alilipiga pini kwa mkono wake kila moja. Akalizunguka, akalibonyeza kwa kiganja.

"Nani amelijaribu?"

"Mimi," nikasema, nikajiachia mbele yake ili aone. Kochi halikutoa hata mguno. Nilibaki nimekaa, nikingoja sifa zangu.

Daktari hakulitazama kochi. Alinitazama mimi, kuanzia shingoni kushuka taratibu mpaka kwenye mkanda, halafu akapanda tena.

"Mzee, ukilala pumzi yako ikoje?"

Nikavuta shati kufunika mkanda. Cherehani ikasimama.

"Inakatika, Daktari," akasema Shehena. "Nimekuwa nikimsikiliza."